Kompyuta ya mezani isiyopiga kelele, kwa joto na chumvi ya Lamu

Mie nakaa Mkomani, nyumba ya zamani ya mawe, na kama wajua Lamu mjini basi wajua isha ikishaswaliwa mtaa unanyamaza, magari hatuna, bodaboda zinapita huko juu lakini vichochoroni ni watu na punda tu. Sasa kwenye kimya kama hicho kompyuta yenye feni ya bei rahisi inasikika mpaka chumba cha pili. Mamangu alikuwa akinipitia mlangoni, "mwanangu, hiyo boti yako wazima injini saa ngapi?" Na kazi yangu mie ni kuhariri sauti, watu wananiletea kasida na mashairi waliyorekodi, mengine narekodi mwenyewe hapo hapo chumbani, kwa hiyo ule mvumo maikrofoni ilikuwa inaubeba wote na mie nakaa usiku kucha kuusafisha.

Mwanzo nilikosea mara mbili na nawaambia ili msirudie. La kwanza nikanunua feni tano za taa za rangi nikidhani feni nyingi ndo baridi nyingi, nikazifunga zote, zote zikazunguka mbio, ikawa kelele mara tano na taa juu. La pili nikakata sponji ya godoro kuukuu nikalibandika kasha la kompyuta ndani kila upande nikijiambia sponji itameza sauti. Wallahi dakika ishirini prosesa, ndo ubongo wa kompyuta, ikafika digrii 95, ikaanza kujipunguza kasi yenyewe, na feni ndo zikapiga mbio zaidi kuliko mwanzo. Sponji ilizuia hewa, joto likakosa pa kutokea.

Hapo ndo nkaelewa kwamba kelele mwanzo wake ni joto. Feni haipigi kelele kwa ubaya, inapiga kelele kwa sababu imeambiwa itoe joto. Punguza joto linalozalishwa, feni itapumzika. Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya vipozeo vya Ulaya anza na swali la wati.

Na huku kwetu swali hilo ni zito zaidi. Kipozeo cha hewa hakiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, kinachofanya ni kupunguza tofauti kati ya prosesa na chumba. Kama chumba cha mtu wa Limuru kina digrii 20 na prosesa yake inafika 65, basi mashine ile ile ukiileta Lamu msimu wa kaskazini, Februari hivi, chumba digrii 31, tegemea 76. Kwa hiyo ukitazama video za wazungu wakipima halijoto kwenye vyumba vyao vya baridi, ongeza kumi kichwani halafu ndo uamue.

Prosesa nilochagua ni Ryzen 5 5600G. Imeandikwa wati 65 lakini usidanganyike na maandishi, inaruhusiwa kuvuta mpaka kama 88 ikiwa kazini. Raha yake ni kwamba ina grafiki ndani, yaani sehemu ya kuchora picha za kioo, kwa hiyo kama huchezi magemu hauhitaji kadi ya grafiki kabisa, na kadi ya grafiki ndo mara nyingi inayopiga kelele kuliko kitu chochote humo ndani. Halafu kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaoingia kompyuta ikianza kuwaka, unaweza kuishusha iwe ya wati 45, na hapo inavuta kama 61 badala ya 88. Kazi yangu ya sauti sikuona tofauti yoyote, kuhifadhi video ndefu ndo inachelewa kidogo, na kusubiri kidogo hakujamuua mtu. Ukipenda Intel basi i5-12400 pia nzuri, ila yenyewe ukiiachia inaruka mpaka wati 117, kwa hiyo ingia BIOS, tafuta mipaka ya nguvu, ile ya muda mrefu na ile ya muda mfupi, zote mbili weka 65. Chunga usichukue ile yenye herufi F mwisho kama huna kadi ya grafiki manake hiyo haina picha, utaunga kila kitu ufungue uone kioo cheusi ulie.

Kama lazima uwe na kadi, chukua inayovuta wati kidogo, kwa mfano RTX 3050 ile ya giga 6 ambayo ni wati 70 na haihitaji hata waya wa ziada wa umeme. Kadi nyingi za siku hizi zinazima feni zenyewe kama hakuna kazi nzito lakini si zote, kwa hiyo uliza kabla. Na hata kubwa ukinayo, programu ya MSI Afterburner inakuruhusu kuipunguzia nguvu, vuta kile kipimo cha nguvu kiwe asilimia 75 au 80 halafu pima, utashangaa kasi inashuka kidogo tu lakini joto linashuka sana.

Haya, tuje kwenye feni zenyewe, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye siri. Hewa inayopita inaendana na mzunguko, ukipunguza mzunguko nusu, hewa inapungua nusu. Lakini kelele haiendi hivyo, kelele inaporomoka, ukipunguza mzunguko nusu kelele inashuka kama desibeli 15, ambayo kwa sikio ni tofauti kubwa mno. Na ukiongeza feni ya pili ya aina ile ile kelele inapanda desibeli 3 tu. Sasa piga hesabu, feni mbili zinazozunguka nusu mwendo zinasukuma hewa karibu sawa na feni moja inayokimbia mwendo wote, lakini kimya chake ni kama desibeli 12 chini. Kumbe zile feni zangu tano kosa halikuwa utano wake, kosa ni kwamba zilikuwa za waya mbili moja kwa moja kwenye pawasaplai, lile boksi la kugawa umeme ndani ya kompyuta, mwendo wote hazina breki.

Kwa hiyo sheria ni feni kubwa na ziende polepole. Milimita 140 bora kuliko 120, na 120 bora kuliko zile ndogo za 80 zinazopiga mluzi. Chukua zenye pini nne kwa sababu hizo mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, inaziongoza vizuri, zenye pini tatu pia zinaongozeka kwa kupunguziwa volti ila mazabodi nyingine za bei ya chini haziziongozi vizuri. Arctic P12 na P14 ni za bei ya mtu wa kawaida na zinafanya kazi. Noctua ya Austria ndo ya wenye nazo, rangi yake ya udongo na maziwa watu wanaicheka lakini ukiisikiliza, au niseme ukikosa kuisikia, utaelewa kwa nini ghali. Mie nina Arctic tatu kwenye kasha, mbili za 140 mbele zinavuta hewa kuingia na moja ya 120 nyuma inatoa. Hazipiti mizunguko 700 kwa dakika siku za kawaida.

Upande wa feni usikosee, hewa inatoka upande wenye ile mikono ya plastiki inayoshika mota katikati. Upande ulio wazi ndo unaovuta. Nimeona mtu hapa hapa mjini ameweka mbili zinaangaliana, moja yasukuma huku nyingine yasukuma kule, joto limekaa kati linazunguka kama mgeni hajui njia.

Kasha lenyewe basi. Kuna makasha yanayouzwa kwa jina la kimya, yana sponji maalumu na mlango mbele umefungwa. Kwa nchi za baridi sawa. Kwa Lamu mie nasema chukua lenye wavu mbele, hewa ipite bila kupigana, manake feni ikivuta hewa kupitia upenyo mwembamba inalia hata ikiwa polepole. Angalia pia feni isigusane uso kwa uso na bati lenye matundu, bati likikaa karibu sana na panga za feni inatoa mlio wa kuimba, ukiweza acha nafasi ya sentimita moja au mbili. Matundu ya nyuma yaliyotobolewa kwenye bati zima wengine huyakata kabisa, mie sikukata, sikuwa na moyo.

Kipozeo cha prosesa, chukua kile cha mnara, chenye mabomba ya shaba na mapezi ya alumini, feni ya 120 ubavuni. Kile kidogo kinachokuja na boksi la prosesa kinafanya kazi ila kelele zake utazijua saa nane mchana. Kabla ya kununua pima urefu! Noctua NH-U12S kwa mfano ni milimita 158, kama kasha lako limeandikwa linaruhusu 155 basi mlango haufungi, na hiyo milimita tatu hakuna fundi atakayekupunguzia. Tazama pia ramu, vile vijiti vya kumbukumbu, zisiwe na yale mabati marefu ya mapambo, zinagongana na feni.

Na hili la usafiri watu wa bara hawalijui. Vitu vyangu vingi nilitoa Nairobi, vikaja kwa basi mpaka Mokowe, halafu boti mpaka hapa. Kuna duka liliniambia litaniungia kila kitu kabisa, nikakubali kumbe nimekosea, kipozeo cha karibu kilo kimekaa kinaning'inia kwenye mazabodi safari nzima, barabara mnaijua, kilifika kimelegea upande mmoja. Bahati nzuri bodi haikupasuka. Waambie kipozeo kisafiri peke yake kwenye boksi lake na kasha lije tupu, utaunga mwenyewe. Na mwambie nahodha asiweke mbele ya boti, au funga boksi kwa nailoni nzito, maji ya chumvi na mazabodi si ndugu.

Pawasaplai usifanye ubahili. Ile ya bei ya kutupa haina ufanisi, umeme mwingi unageuka joto ndani yake na feni yake ni ndogo ya hasira. Nilikuwa nayo moja imeandikwa wati 600, nyepesi kama boksi la biskuti, hata mwezi haikumaliza. Chukua yenye cheti cha ufanisi cha 80 Plus, ikiwezekana ya dhahabu, wati 500 au 550 inatosha na kubaki kwa mashine kama hii, na kwa sababu utatumia hata nusu yake haifiki, feni yake itakuwa imelala muda mwingi. Kuna zinazozima feni kabisa mzigo ukiwa mdogo, hizo ndo nzuri. Ikikaa chini ya kasha feni itazame chini ivute hewa yake ya nje, lakini kasha lisikae juu ya zulia.

Diski, SSD na hakuna mjadala, haina kinachozunguka. Diski ya zamani ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde na huo ndo ule mvumo mzito unaousikia ukishika meza, unapenya kwenye bati la kasha na kasha zima linakuwa ngoma. Kama una kumbukumbu nyingi huwezi kuziacha, na mie ninazo, miaka ya rekodi za Maulidi, basi iweke diski kwenye boksi la nje uichomeke pale unapoihitaji tu. Ama itundike ndani ya kasha kwa mpira wa kushonea nguo, isiguse bati popote. Inaonekana ya kienyeji lakini mvumo unakwisha.

Kuunga kwenyewe sisemi mengi, ni skrubu na bisibisi na subira. Pesti ya joto, ile ya kupitisha joto toka prosesa kwenda kipozeo, weka kiasi cha punje ya mbaazi katikati ya prosesa, ile karatasi ya plastiki chini ya kipozeo itoe kwanza (usicheke, watu wanaisahau), skrubu kaza kidogo kidogo kwa kukingamisha, huku kidogo na kule kidogo mpaka zikae sawa. Feni zifunge kwa vile vipini vya mpira badala ya skrubu kama umepewa. Nyaya zifunge nyuma zisiguse panga, manake waya ukigusa feni utatafuta kelele hiyo wiki nzima.

Chini ya kasha weka miguu laini. Mie nilichukua ndara zilizotupwa na bahari pwani ya Shela, si unajua zinavyojaa, ndo zile zile zilizovikwa jahazi la Flipflopi lililoshushwa maji hapa Lamu mwaka 2018. Nikakata vipande vinne vya unene sawa, nikaviosha chumvi, nikavibandika kwenye pembe. Meza yangu ya mbao ilikuwa inaimba, sasa haiimbi.

Ukishawasha usikimbilie kufurahi, nenda BIOS, kwenye ASUS inaitwa Q-Fan, kwa Gigabyte na MSI ni Smart Fan. Mazabodi nyingi zimepangwa kiwoga, prosesa ikiguswa kidogo feni inaruka, inashuka, inaruka, na ule mpandisho na mshusho unaudhi kuliko sauti moja iliyotulia. Ryzen hasa halijoto yake inaruka digrii kumi ukifungua tu programu. Kwa hiyo fanya hivi, feni ya prosesa iwe asilimia 30 mpaka 35 hadi digrii 60, ifike 50 kwenye digrii 70, asilimia 75 kwenye 80, na mwendo wote kwenye 90. Halafu tafuta sehemu ya kuchelewesha, weka sekunde kadhaa kabla feni haijaitikia mabadiliko. Feni za kasha zifanye zivivu zaidi. Angalia tu usizishushe mpaka zikashindwa kuanza, kila feni ina mwendo wake wa chini, shusha taratibu mpaka isimame halafu rudisha juu kidogo. Kama BIOS yako haina uwezo huo, kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa FanControl, na Linux kuna lm-sensors na fancontrol yake.

Digrii 75 kazini ziogope? Hapana. 5600G mpaka wake ni 95, hiyo Intel ni 100. Watu wanahangaika kuishusha prosesa ifike 55 kwa kelele zote hizo za nini, joto la 75 siku ya kaskazini na kimya, mie nachukua.

Jaribu mchana sio usiku. Saa nane mchana, dirisha kama ulivyozoea, washa Cinebench, programu ya kuichosha prosesa, iende nusu saa na programu ya HWiNFO ikionyesha halijoto. Ikipita hapo bila kufika 85 umeshinda mwaka mzima. Kelele usipime kwa programu za simu, maikrofoni ya simu sauti ndogo hivyo haizipimi sawasawa. Mie nafanya hivi, naweka maikrofoni pale ninapokaa, narekodi sekunde kumi za kimya, halafu nasikiliza kwa hedfoni nikiwa nimeongeza sauti. Na ukitaka kujua kinacholia ni kipi, kunja gazeti kama bomba, ncha moja sikioni nyingine isogeze karibu na kila kitu bila kugusa, utampata mwizi.

Ukikuta mlio mwembamba kama wa mbu unaobadilika ukisogeza kurasa au gemu likiwa kwenye menyu, hiyo si feni, ni koili za kadi au za pawasaplai zinatetemeka kwa umeme. Zuia kadi isichore picha nyingi kuliko kioo kinavyoonyesha, weka mpaka wa fremu 60, mara nyingi unanyamaza. Usiponyamaza badilisha kifaa kama risiti unayo.

Kuhusu kupoza kwa maji nimeulizwa sana. Kwa mashine ya wati 61 sioni haja, pampu nayo ina mlio wake na haisimami hata kompyuta ikiwa haina kazi, na ikifa hapa Lamu utasubiri boti.

Pa kuiweka sasa. Nyumba zetu zina zile zidaka ukutani na mkono unawasha kuichomeka kompyuta humo, inakaa kama imechongewa. Usithubutu! Kidaka hakina upenyo nyuma, hewa moto inayotoka nyuma inarudi mbele ile ile, ndo sponji yangu ya godoro kwa sura nyingine. Iweke chini ya meza upande usio na maikrofoni, ukuta uwe mbali kama shibri mbili nyuma yake. Kuta zetu za chokaa ngumu zinarudisha sauti, ukiwa na mkeka sakafuni na pazia zito au hata kanga mbili tatu zimetundikwa ukutani nyuma ya kasha, kile kidogo kilichobaki kinakufa. Mbali na dirisha la baharini pia, kusi ikivuma ule unyevu wa chumvi unaingia, nimeona skrubu zimeota kutu ndani ya miezi michache na pini zimekuwa kijani.

Vumbi ndo kelele ya kesho. Mapezi yakiziba hewa haipiti, halijoto inapanda, feni inakimbia, na mtu anasema feni imezeeka. Wavu wa mbele funika na soksi ndefu nyembamba ya kike ya nailoni kama kasha halikuja na kichujio, ioshe kila wiki mbili. Kila miezi miwili fungua kasha, zima na chomoa kwanza, brashi laini ya rangi na kipulizio cha mkono, na shikilia panga ya feni kwa kidole unapopuliza isije ikazunguka mbio ikaharibu beringi. Ukisafiri muda mrefu, ukaenda Mombasa au umra, ifunike na uweke ndani vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vya kunyonya unyevu, usivitupe. Kompyuta inayowashwa kila siku inajikausha yenyewe, inayolala ndo inayooza.

Mwisho nilipomaliza yote hayo nikakaa usiku, nikazima taa, nikasikiliza, kompyuta kimya kabisa, lakini chumbani bado kuna vvvvv. Nikatafuta na gazeti langu. Ilikuwa UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika! Ina feni ndogo ya milimita 60 ndani haisimami hata umeme ukiwepo. Basi nikaipeleka chumba cha pili, waya mrefu mnene ukapita chini ya mlango. Kwa hiyo ukinunua UPS uliza kwanza feni yake inazunguka muda wote au umeme ukikatika tu, na muulize pia kama ule mlio wake wa kupiga tii tii unazimika, manake kwa umeme wetu huu utausikia.